Mafuta Juu ya Maji: Jinsi Utando wa Seli Ulivyojulikana, 1774–1972

Utangulizi

Nilipokuwa mwaka wa nne wa sekondari, mwalimu wetu wa biolojia alichora ubaoni safu mbili za vichwa vya mviringo, kila kichwa kikiwa na mikia miwili iliyoelekea ndani. Akasema huo ndio utando wa seli, kwamba umejengwa kwa lipidi, na kwamba ni mwembamba mno hata hadubini ya shule haiwezi kuuonyesha. Nikanyoosha mkono nikauliza: “Mwalimu, nani aliuona?” Darasa lilicheka. Mwalimu alitabasamu, akasema swali hilo halitakuja kwenye mtihani, tuendelee. Alisema kweli. Halikuja.

Leo ninasomea Kiswahili na ualimu, na biolojia niliiacha sekondari. Lakini swali lile sikuliacha, na insha hii ni jaribio la kulijibu kwa njia ya historia. Jibu fupi ni kwamba kwa muda mrefu hakuna aliyeuona. Utando wa seli ulijulikana kabla ya kuonekana, na waliotangulia kuujua walifika huko kwa kumwaga mafuta juu ya maji na kupima yanavyosambaa. Nimeanza na mwaka 1774, Benjamin Franklin alipochapisha jaribio lake la bwawani, na nimeishia mwaka 1972, mchoro tunaoukariri hadi leo ulipopata sura yake.

Hoja yangu ni hii: vifaa vilivyotumika katika hatua za mwanzo vilikuwa vya kawaida kabisa, vya jikoni na vya bwawani. Hata hivyo, kuwa na kifaa na kuwa na swali zuri havikutosha. Ilibidi pia mtu asikilizwe. Historia ya utando wa seli ni historia ya ugunduzi, na pia ni historia ya nani aliruhusiwa kuitwa mgunduzi.

1. Lipidi ni kitu gani?

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Lipidi ni jina la jumla la vitu vya asili ya uhai ambavyo haviyeyuki vizuri katika maji, lakini huyeyuka katika vimiminika kama etha na kloroformu. Mawese, mafuta ya alizeti, samli, nta ya nyuki na kolesteroli vyote vimo katika ukoo huu.

Katika mwili wa kiumbe, lipidi zina kazi nyingi. Ni akiba ya nishati: gramu moja ya mafuta hutoa takriban kilokalori 9, ilhali gramu moja ya wanga hutoa takriban 4. Ni malighafi ya baadhi ya homoni, zikiwemo zile zinazomtofautisha mvulana na msichana wakati wa kubalehe, ambazo mwili huzitengeneza kutokana na kolesteroli. Lakini kazi inayohusu insha hii ni moja: lipidi hutenga ndani na nje. Bila mpaka hakuna seli, na bila seli hakuna uhai kama tunavyoujua.

Kazi hiyo hufanywa hasa na fosfolipidi. Molekuli ya fosfolipidi ina tabia mbili katika mwili mmoja. Kichwa chake hupenda maji. Mikia yake miwili huyakimbia. Ukiziweka molekuli hizi katika maji, hujipanga zenyewe katika safu mbili: vichwa vyaelekea maji pande zote mbili, mikia yajificha katikati. Hakuna fundi anayezipanga. Ule ugomvi wa mafuta na maji tunaouona kila siku juu ya mchuzi ndio unaosimamisha mpaka wa kila seli.

Kemia ya mafuta ilianza zamani kuliko elimu ya utando. Mwaka 1823 Mfaransa Michel Eugène Chevreul alichapisha kitabu kikubwa kuhusu mafuta ya wanyama, akionyesha kwamba mafuta huundwa kwa asidi za mafuta zilizoungana na gliseroli. Mnamo miaka ya 1840 mfamasia wa Paris, Théodore Gobley, alipata katika kiini cha yai dutu ya mafuta yenye fosforasi, ambayo baadaye aliiita lesithini kutokana na neno la Kigiriki la kiini cha yai. Leo tunajua kwamba lesithini ni fosfolipidi. Yaani matofali ya ukuta yalikuwa tayari mezani, lakini hakuna aliyejua kwamba kuna ukuta.

2. Kijiko cha Franklin

Mabaharia na wavuvi walijua tangu kale kwamba mafuta hutuliza mawimbi; Plinio wa Roma aliliandika jambo hilo katika karne ya kwanza. Benjamin Franklin, Mmarekani tunayemfahamu zaidi kwa siasa na umeme, alilishuhudia mwaka 1757 akiwa safarini baharini. Aliona maji nyuma ya meli mbili yametulia kuliko nyuma ya nyingine, akaambiwa kwamba huenda wapishi walikuwa wamemwaga maji yenye mafuta.

Baadaye, akiwa London, alikwenda kwenye bwawa la Clapham siku ya upepo na kumwaga mafuta yasiyozidi kijiko cha chai. Mafuta yalisambaa kwa kasi mpaka yakafunika takriban nusu eka, na maji yakawa laini kama kioo. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1774 katika jarida la Royal Society.

Hapa panahitaji kutuliwa. Kijiko cha chai ni kama mililita 5. Nusu eka ni takriban mita za mraba 2,000. Ukigawanya ujazo kwa eneo, unapata unene wa takriban nanometa 2.5, yaani urefu wa molekuli moja ya mafuta. Hesabu hiyo mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Franklin hakuifanya. Si kwa kukosa akili; wakati wake wazo la molekuli kama kitu chenye ukubwa unaopimika lilikuwa bado halijakomaa. Alikuwa na jibu mkononi, lakini swali lake lilikuwa halijazaliwa. Ilipita zaidi ya miaka 100 kabla ya Lord Rayleigh, mwanafizikia wa Uingereza, kupima mafuta ya zeituni juu ya maji mwaka 1890 na kupata unene unaokaribia nanometa 2.

3. Beseni la Agnes Pockels

Wakati Rayleigh anafanya kazi yake, palikuwa na mtu aliyekwisha kumtangulia. Aliitwa Agnes Pockels, alizaliwa mwaka 1862 na aliishi katika mji wa Braunschweig, Ujerumani. Alipenda fizikia tangu akiwa shule ya wasichana, lakini wakati huo vyuo vikuu vya Ujerumani havikuwa vikipokea wanawake. Mdogo wake wa kiume, Friedrich, aliingia chuo kikuu na kuwa mwanafizikia. Agnes alibaki nyumbani kuwauguza wazazi na kuendesha nyumba. Vitabu alivipata kupitia kwa mdogo wake.

Mtu anayeosha vyombo kila siku huona mambo ambayo profesa hayaoni. Pockels aliona jinsi mafuta na sabuni vinavyobadilisha uso wa maji. Akiwa na umri wa karibu miaka 20 alitengeneza beseni refu la bati, akalijaza maji hadi ukingoni, akaweka juu yake kipande cha bati kilichokatiza kutoka ukingo hadi ukingo. Kwa kukisogeza kipande hicho aliweza kulibana au kulipanua eneo la uso lililofunikwa na mafuta. Kisha akatumia mizani ndogo kupima nguvu inayohitajika kukinyanyua kisahani kutoka kwenye uso wa maji, na kwa njia hiyo akapima mvutano wa uso.

Alichogundua ni kikubwa. Eneo likiwa pana, mafuta hayabadilishi mvutano wa maji. Ukilibana mpaka kiwango fulani, mvutano unashuka ghafla. Ni kama watu katika basi: wakiwa wachache kila mtu ana nafasi, lakini mara wanapogusana mabega, kila anayeongezeka anasukumwa na wote. Kwa vipimo vya namna hiyo mtu anaweza kujua kila molekuli inachukua nafasi kiasi gani.

Kwa takriban miaka 10 kazi hiyo ilibaki jikoni. Januari 1891, baada ya kusikia kuhusu utafiti wa Rayleigh, Pockels alimwandikia barua kwa Kijerumani. Mke wa Rayleigh aliitafsiri. Rayleigh angeweza kuifungia katika mtoto wa meza, au kuyachukua mawazo yake kimyakimya. Badala yake aliipeleka kwa mhariri wa jarida la Nature, ikachapishwa Machi 1891 kwa jina la Pockels mwenyewe.

Wengi husimulia kisa hiki kama mfano kwamba ukiwa na bidii, umaskini wa vifaa si kizuizi. Mimi nakisoma tofauti kidogo. Ni kweli beseni lilitosha kufanya ugunduzi. Lakini halikutosha kuufikisha kwa wengine. Barua ile ilihitaji mtu wa kuitafsiri, mtu wa kuithamini, na jina kubwa la kuibeba hadi kwenye jarida. Kama kimoja kati ya hivyo kingekosekana, Pockels angekuwa na akili ileile na beseni lilelile, na sisi tusingemjua. Hatujui ni mabeseni mangapi mengine yalibaki jikoni.

4. Kutoka kwenye beseni hadi kwenye seli

Mpaka hapa hakuna aliyezungumzia seli. Daraja lilijengwa na Ernest Overton, Mwingereza aliyefanya kazi Zürich. Kuanzia miaka ya 1890 alichunguza jinsi mamia ya kemikali zinavyoingia katika seli hai, zikiwemo za vinyweleo vya mizizi ya mimea. Aliona utaratibu usiotarajiwa: vitu vinavyoyeyuka katika mafuta huingia upesi, vile vinavyoyeyuka katika maji tu huchelewa au hukataliwa. Mwaka 1899 akahitimisha kwamba mpaka wa seli lazima uwe na vitu vinavyofanana na mafuta, na akataja kolesteroli na lesithini. Hakuwa ameuona mpaka huo. Aliujua kama mtu anavyomjua mlinzi wa lango kwa kuangalia nani anaruhusiwa kupita.

Kisha Irving Langmuir, Mmarekani aliyefanya kazi katika maabara ya kampuni ya General Electric, aliboresha beseni la aina ya Pockels. Mwaka 1917 alieleza kwamba molekuli za mafuta juu ya maji husimama wima, kichwa majini na mkia hewani, katika safu moja. Langmuir alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1932 kwa kazi yake kuhusu kemia ya nyuso. Mwaka huohuo chuo cha ufundi cha Braunschweig kilimpa Agnes Pockels shahada ya heshima. Alikuwa na umri wa miaka 70, na alifariki miaka mitatu baadaye.

5. Leiden, 1925: makosa mawili na jibu moja

Hatua iliyofuata ilifanyika Leiden, Uholanzi, na mmoja wa waliohusika alikuwa daktari wa watoto. Evert Gorter, akishirikiana na François Grendel, alikuwa na wazo jepesi kueleza: chukua seli nyekundu za damu, toa lipidi zake zote, zisambaze juu ya maji katika beseni, upime eneo linalofunikwa. Linganisha na eneo la uso la seli zilizotoa lipidi hizo. Waliitumia damu ya binadamu na ya wanyama kadhaa, wakiwemo mbwa, kondoo, sungura na mbuzi. Seli nyekundu ya damu ya mamalia ilifaa kwa sababu ikikomaa haina kiini wala tando nyingine ndani. Lipidi zake ni za mpaka wa nje tu.

Matokeo yalikuwa karibu 2 kwa 1. Lipidi zilifunika eneo mara mbili ya uso wa seli. Basi, wakasema, kila seli imefunikwa kwa safu mbili. Huo ndio mchoro wa ubaoni, na mwaka ulikuwa 1925.

Lakini kuna jambo ambalo vitabu vya shule havisemi. Asetoni waliyoitumia haikutoa lipidi zote. Sehemu kubwa kiasi ilibaki. Pia walilikadiria eneo la seli chini ya ukubwa wake halisi, kwa takriban theluthi moja kwa seli za binadamu. Kosa la kwanza lilipunguza namba ya juu, la pili likapunguza namba ya chini, na yakafutana. Watafiti waliorudia jaribio hilo mwaka 1966 ndio walioonyesha jinsi makosa hayo mawili yalivyozaa jibu sahihi.

Je, tuseme walibahatisha? Nadhani hapana. Wazo lao la kulinganisha maeneo mawili lilikuwa sahihi, na lilikuwa wazi kiasi kwamba wengine waliweza kulirudia na kulikosoa. Hilo ndilo linalotofautisha kosa la kisayansi na ubashiri. Kwetu sisi wanafunzi wa historia, tukio hili linaonya kwamba jibu sahihi leo halithibitishi kwamba njia iliyolileta ilikuwa sahihi jana. Mtahini huangalia jibu la mwisho. Mwanahistoria anapaswa kuomba karatasi ya hesabu.

6. Kutoka ukuta hadi majimaji

Miaka iliyofuata ilileta masahihisho. Mwaka 1935 James Danielli na Hugh Davson walipendekeza kwamba safu mbili za lipidi zimefunikwa na protini pande zote. Hadubini ya elektroni ilipopatikana, J. David Robertson aliona mwishoni mwa miaka ya 1950 mistari miwili myeusi yenye ukanda mweupe katikati, akaeleza kwamba muundo huo ni wa tando zote. Hapo ndipo swali langu lilipoanza kupata jibu la macho. Lakini picha ile ilikuwa ya seli zilizokufa na kukaushwa, na ikawafanya wengi wauone utando kama ukuta mgumu.

Mwaka 1970 Larry Frye na Michael Edidin waliunganisha seli ya panya na seli ya binadamu, wakiwa wametia protini za kila upande alama ya rangi yake. Katika joto la mwili, rangi hizo zilichanganyika ndani ya dakika 40 hivi. Katika baridi, zilibaki zimetengana. Ukuta mgumu haufanyi hivyo. Mwaka 1972 Jonathan Singer na Garth Nicolson walitoa modeli ya mozaiki ya majimaji: protini zinaelea katika safu mbili za lipidi zinazotiririka.

Kwa nini baridi ilizizuia? Jibu lipo jikoni kwetu. Asubuhi ya baridi hapa Kigali, chupa ya mawese huganda nusu, na mama huiweka karibu na jiko la makaa ili iyeyuke. Chupa ya alizeti iliyo kando yake haigandi. Mawese yana asidi nyingi zaidi zenye mikia iliyonyooka, ambayo hulala pamoja kama kuni zilizofungwa vizuri. Alizeti ina mikia mingi iliyopinda, isiyokubali kupangika. Seli nazo hucheza na mchanganyiko huo: viumbe wengi wa mazingira ya baridi huongeza mikia iliyopinda ili utando usigande, na kolesteroli katika seli za wanyama husaidia utando usilegee mno wala usikaze mno.

7. Kwa nini historia hii inatuhusu

Mtu anaweza kusema kwamba haya ni mambo ya Leiden na London. Lakini Machi 2021 Rwanda ilipopokea chanjo za kwanza za Uviko-19 za Pfizer, ilibidi ziwekwe katika majokofu ya baridi kali mno. Maelekezo ya chanjo ile yamebebwa na mRNA, ambayo ni dhaifu na haivuki utando wa seli kwa urahisi. Kwa hiyo imefungwa ndani ya tone dogo mno la lipidi, ambalo seli hulipokea. Desemba 2023 kampuni ya BioNTech ilizindua Kigali kiwanda kilichokusudiwa kutengeneza chanjo za aina hiyo. Elimu iliyoanza na kijiko cha mafuta bwawani sasa ina jengo katika mji wetu.

Swali ni kama itakuwa na lugha katika mji wetu. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, na majirani zetu wanakitumia shuleni tangu zamani. Nilipokuwa naandika insha hii rafiki yangu anayesoma biolojia aliniuliza kwa nini nahangaika kutafuta namna ya kusema haya kwa Kiswahili, wakati maneno yote yapo kwa Kiingereza. Nilimjibu kwamba Pockels aliandika barua yake kwa lugha aliyoiweza, na ikapata msomaji mwenye mke anayeielewa. Sisi hatuwezi kutegemea bahati hiyo kila mara.

Hitimisho

Insha imeonyesha kwamba utando wa seli ulijulikana kwa hatua: kijiko cha Franklin, beseni la Pockels, orodha ya Overton ya vinavyopita na visivyopita, damu ya Leiden, na seli mbili zilizochanganya rangi. Hatua hizo hazikuwa ngazi iliyonyooka. Mmoja alikuwa na jibu bila swali, mwingine alikuwa na vyote viwili bila nafasi ya kusema, na wengine walifika panapostahili kwa makosa yaliyofutana.

Nikiwa mwalimu, nitachora ubaoni safu mbili zilezile. Na mwanafunzi akinyoosha mkono na kuuliza nani aliuona, nitaomba beseni, maji na kijiko cha mafuta, kisha tuanze kutoka hapo.